Kishikio cha simu kwenye pikipiki: tulikosea wapi, na sasa tununue kipi

(Haya ni maneno yaliyosemwa na kamati ya kikundi cha waendesha boda boda katika mkutano wa wanachama, ukumbi wa kanisa, Kakamega. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ila salamu za mwanzo tumezifupisha.)

Tunashukuru kwamba mmefunga kazi saa hii ya jioni, wakati abiria wa sokoni ndio wanaanza kurudi nyumbani, mkaja kutusikiliza. Tunajua hizo ni pesa mmeziacha barabarani. Kwa hivyo hatutazunguka sana.

Mwezi wa tatu mlitupa ruhusa tutoe pesa za chama tununue vishikio vya simu, vile ambavyo vijana wanaviita holda, ili kila mmoja afunge chake kwenye pikipiki na kulipa polepole. Tulinunua 26. Kila kimoja kilikuwa shilingi 650, jumla shilingi 16,900. Juma lililopita tulizunguka steji zote tukahesabu. Vilivyo vizima ni 9. Viwili viliibwa pamoja na simu. Kimoja mwenyewe alikitupa mtoni kwa hasira, na hatumlaumu. Vile 14 vilivyobaki vimepasuka taya au vimelegea springi, na vingine mmevifunga kwa kamba za mipira hivi kwamba hata kutoa simu ni kazi ya dakika tano.

Makosa ni yetu sisi wa kamati. Mmoja wetu alikuwa anakwenda Nairobi kwa shughuli zake, tukampa pesa tukamwambia atafute vya bei nzuri. Neno "imara" hatukulitaja. Muuzaji alitia simu ndani ya kishikio, akakitikisa kwa mkono pale dukani, simu haikuanguka, basi. Hakuna aliyefikiri kwamba mkono wa muuzaji si barabara ya Khayega kwenda Shinyalu wakati wa mvua.

Hasara ya holda tunaweza kuivumilia. Kubwa zaidi ni kwamba mwenzetu mmoja simu yake iliruka kwenye tuta, na lori la mchanga lililokuwa nyuma likaipanda. Simu hiyo ilikuwa ya mkopo, ile ya kulipa kidogo kidogo kila siku, na usipolipa inajifunga. Sasa analipa kila siku kwa ajili ya simu ambayo haipo. Na yuko mwingine, yule kijana mnayemwona ameketi pale mbele na magongo yake. Huyu tutarudi kwake.

Sasa, kabla ya kuuliza tununue kishikio gani, tuulizane kwanza kama tunakihitaji. Wengi wetu tunafanya kazi kati ya steji na vijiji tunavyovijua tangu utotoni. Hakuna anayehitaji ramani ya kumpeleka Shinyalu. Simu inalia, unasimama pembeni, unaongea, unaendelea. Kwa mtu wa namna hii mfuko wa ndani wa jaketi, wenye zipu, ndio kishikio bora kuliko vyote na haugharimu chochote. Tunasema hivi tukijua kwamba wengine walifunga holda kwa sababu jirani amefunga. Ni kweli inapendeza, pikipiki inaonekana ya kisasa. Lakini kupendeza hakulipi mkopo.

Wako wengine ambao kazi yao imebadilika. Wanaopeleka vifurushi vya maduka mjini, wanaochukua abiria kwa programu za simu, wanaoagizwa kwenda mtaa wasioujua na kuelekezwa kwa ramani. Hawa wanahitaji kuiona simu. Wakikosa pa kuiweka wataishika kwa mkono wa kushoto, au wataichomeka ndani ya helmeti karibu na sikio, na hiyo ni hatari zaidi. Kwa hivyo hatusemi vishikio ni vibaya. Tunasema si vya kila mtu.

Kuna jambo moja ambalo lazima lisemwe hapa. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, sisi watu wa boda tumezoea kwamba ule mlio mdogo wa ujumbe ni mlio wa pesa. Ukilia, shingo inageuka yenyewe. Simu ikiwa mfukoni, unasikia mlio na unaendelea na safari. Simu ikiwa mbele ya macho yako, unasoma. Ndivyo ilivyokuwa kwa kijana wetu. Ametupa ruhusa tuseme. Alikuwa anarudi mjini bila abiria, mwendo wa kilomita 40 kwa saa, si mwendo wa kichaa. Ujumbe ukaingia. Alitaka tu kuona kama kastoma wa asubuhi ametuma. Alipoinua macho, matatu iliyokuwa mbele ilikuwa imesimama kushusha mtu. Mguu ulivunjika mahali pawili.

Kwa mwendo huo wa kilomita 40, pikipiki inakwenda mita 11 kila sekunde moja. Sekunde mbili za kusoma ni mita 22. Tulipima hapa nje kwa futi kamba: ni kutoka langoni hadi karibu na tangi la maji. Mtokapo, tazameni umbali huo, halafu fikirini mnautembea mkiwa mmefunga macho, na ng'ombe, watoto wa shule na matatu wako njiani.

Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu anakaribia kuwa na hatari ya ajali mara 4 zaidi ya yule asiyetumia, na kwamba kuongea bila kuishika mkononi si salama zaidi kwa kiasi kikubwa. Maana yake kishikio hakimpi mtu ruhusa ya kuongea akiendesha. Na sheria nayo ipo: kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 ziliweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu chombo kikiwa kinakwenda. Shilingi elfu mbili mnajua ni safari ngapi.

Haya, kwa wale wanaohitaji. Tumeleta aina nne mezani, tumeziazima kwa mafundi na kwa wanachama wa kikundi jirani. Mje mzishike.

Hii ya kwanza ndiyo tuliyonunua sisi. Ni ya plastiki, ina taya mbili zinazovutwa na springi. Unaivuta kwa kidole gumba, unaweka simu, unaachilia. Ni rahisi na ya haraka, lakini nguvu yote iko kwenye springi moja nyembamba na meno mawili ya plastiki. Gurudumu likiingia shimoni, simu inataka kuendelea juu wakati kishikio kinashuka. Simu nyingi za siku hizi zina uzito wa gramu 200 hivi, na pikipiki ikigonga shimo uzito huo unavuta kama umeongezeka mara kadhaa. Springi inafunguka kidogo tu, na kidogo hicho kinatosha. Jua nalo linaikausha plastiki, ikifika mwezi wa tatu inavunjika kama biskuti.

Ya pili ni hii ya mipira minne inayoshika pembe nne za simu. Hii tunaipenda kuliko tulivyodhani. Mpira unakubali kuvutika, kwa hivyo simu inacheza kidogo lakini haitoki. Ubaya wake ni kwamba mpira huzeeka juani. Lakini mpira ukikatika, fundi yeyote wa pancha anakukatia kipande cha tyubu ya ndani na kazi inaendelea. Kitu kinachotengenezeka hapa hapa kwetu ni bora kuliko kitu kizuri ambacho kikiharibika ni cha kutupa. Ila angalieni mpira usipite juu ya vitufe vya pembeni, maana mmoja wetu simu yake ilikuwa inajizima kila tuta. Alidhani ni betri, akanunua betri mpya.

Ya tatu ni ya chuma, ya kukaza kwa skrubu. Taya zake nne zinasogea pamoja ukizungusha kifundo cha nyuma, na zikishakazwa haziwezi kufunguka kwa mtikisiko. Hii ndiyo imara. Lakini ina mambo mawili. Ukikaza kupita kiasi unaweza kupasua kioo cha simu, kwa hivyo lazima taya ziwe na raba ndani, na raba ikitoka uibandike tena. La pili, inachelewesha. Ukisimama kituo cha mafuta utaona uvivu wa kufungua, utaiacha simu pale uingie dukani, na ukirudi utakuta kishikio kitupu. Wale wawili walioibiwa hawakuporwa wakiendesha. Waliacha simu "dakika moja tu".

Ya nne ni mfuko wenye dirisha la nailoni linaloonyesha. Kwa mvua za Kakamega, ambazo zinajua saa ya kuja kuliko sisi, mfuko una maana. Lakini si wakati wote. Mfuko uliofungwa ukikaa kwenye jua la saa saba unakuwa jiko. Watengenezaji wa simu, kwa mfano Apple, wanashauri simu itumike mahali pasipozidi nyuzi joto 35. Ndani ya mfuko, jua kali likiwa juu na ramani ikiwa wazi, na huku inachajiwa, simu inapita hapo haraka, inapunguza mwangaza wenyewe, halafu inazima. Betri inayopikwa kila siku haidumu. Ushauri wetu ni kwamba mfuko ukae mfukoni, utoke mvua ikija. Na mvua ikiwa kubwa, hata mfuko hausaidii: matone yanabofya kioo yenyewe na vidole vyenye maji havisikiki. Simama chini ya paa.

Ya sumaku hatukuileta. Mtu akikuuzia kishikio cha sumaku kwa pikipiki, mwambie akafunge kwenye gari lake.

Sasa tuje mahali ambapo watu wengi hawatazami, nako ni chini, pale kishikio kinaposhika pikipiki. Vilivyovunjika kwetu, karibu nusu havikuvunjika juu kwenye simu. Vilizunguka chini. Chuma cha usukani wa pikipiki nyingi tunazoendesha kina unene wa milimita 22. Kishikio kikiwa na pete kubwa kuliko hapo, utakaza mpaka bolti iishe na bado kitazunguka. Kabla ya kununua, nenda na kipande cha bomba cha unene huo, au nenda na pikipiki yenyewe. Katikati ya pete na chuma weka kipande cha tyubu. Kinashika, na kinapunguza mtikisiko. Kisha tazama nati: tunataka nati yenye nailoni ndani, au nati mbili zilizokazana moja juu ya nyingine. Nati moja ya kawaida, kwenye injini ya silinda moja inayotetemeka kutwa, italegea. Hili halina mjadala.

Kuna wanaofunga kwenye mguu wa kioo cha pembeni. Panafaa, kwa sababu pana bolti nene tayari. Lakini mguu wa kioo unatetemeka zaidi ya usukani, na simu inakaa mbali upande mmoja, jicho linasafiri. Tena mkono wa kishikio ukiwa mrefu, mtikisiko unakua, kama vile ncha ya fimbo inavyocheza kuliko mahali ulipoishika. Mkono mfupi ndio mzuri. Karibu na katikati ya usukani, chini kidogo ya macho, bila kuziba saa ya mwendo wala taa za alama. Ukishafunga, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, halafu kulia mpaka mwisho. Kama simu inagonga tangi, au inavuta waya wa klachi, hapo si mahali pake. Mwenzetu aligundua jambo hili akiwa anageuza katikati ya barabara, abiria akiwa nyuma.

Wenye simu za bei ya juu, sikilizeni. Mwezi wa tisa mwaka 2021 kampuni ya Apple ilitoa onyo kwamba mtikisiko mkali wa injini za pikipiki kubwa unaweza kuharibu kamera za simu zake. Kwa vyombo vya injini ndogo au vya umeme walisema mtikisiko ni mdogo, lakini bado wakashauri kishikio chenye kupunguza mtikisiko. Sababu yake ni kwamba ndani ya kamera hizo kuna lenzi isiyofungwa kabisa. Inashikiliwa na sumaku ili isogee kufidia mkono unaotetemeka. Ukiitikisa kutwa kucha inachoka, na picha zinatoka na ukungu. Simu nyingi za bei nafuu hazina lenzi ya namna hiyo, kwa hivyo hapo mwenye simu ya bei ndogo amepona. Hata hivyo simu yoyote inaumia mahali pa kuchajia, waya ukining'inia na kucheza. Ufunge waya kwenye usukani, uache nafasi kidogo tu.

Na kwa kuwa tumetaja kuchaji. Tumeona pikipiki tatu ambazo fundi alichuna waya wa taa ya mbele akaunganisha chaja hapo hapo, akafunga kwa karatasi ya nailoni. Huo ni moto unaosubiri. Betri ya pikipiki ni volti 12, simu inataka 5, kwa hivyo lazima kiwepo kifaa cha kupunguza, kilichofungwa maji yasiingie. Chaja ya kawaida ya wati 10 haivuti hata ampea 1 kutoka kwenye betri, basi fyuzi ya ampea 2 au 3 inatosha, na iwe karibu na betri, si mwisho wa waya. Waya uchukuliwe baada ya swichi ya ufunguo, ili ukitoa ufunguo chaja ife. La sivyo utakuta betri imekwisha asubuhi na kulaumu aliyekuuzia betri.

Sasa kamati inapendekeza nini. Hatutanunua tena kwa jumla kabla ya kujaribu. Tunaomba ruhusa tununue vishikio vitatu tu, kimoja cha mipira minne na viwili vya skrubu vya aina tofauti. Tuwape wanachama watatu: mmoja anayepeleka vifurushi mjini, mmoja wa upande wa Shinyalu, na mmoja wa barabara ya Mumias. Kwa mwezi mzima wasiweke simu ndani. Waweke kipande cha ubao chenye ukubwa wa simu, kilichofungiwa misumari mpaka kifikie gramu 200. Mizani ya duka la sukari itatupimia. Ubao ukianguka hakuna anayelia. Kila Jumamosi walete pikipiki hapa, tukague nati, raba na taya mbele ya wote.

Kuhusu zile 16,900: vile 9 vizima, wenye navyo wataendelea kulipa nusu bei ikiwa wanavitaka, na wasiovitaka warudishe. Hasara inayobaki, sisi wanakamati watano tutaigawana na kuilipa kwa miezi sita. Tumekwisha kuandikishana, karatasi iko kwa mweka hazina. Kuhusu simu iliyopandwa na lori, chama hakina sheria ya kulipa kitu kama hicho, na hatutaki kuahidi kwa mdomo pesa ambazo si zetu. Tunaliweka mbele yenu mlijadili leo, mwenyewe akiwapo.

Na kijana wetu hapa amejitolea jambo. Wakati mguu unapona hawezi kuendesha, lakini mikono yake ni mizima. Ataketi steji ya soko kila asubuhi na spana namba 10 na mafungu ya tyubu, na yeyote ambaye kishikio chake kinazunguka apitie kwake amkazie. Ametaja bei ya shilingi 20. Mmoja wa wazee amesema iwe 30.

Sasa njooni mezani mvishike hivi vinne. Vitikiseni kwa nguvu, msiwe wapole kama yule muuzaji.